Matoleo ya Kwanza ya Habari za Mateka: Unguja, Magila na Tanga

Katika maktaba za Marekani liko fungu moja la vitabu ambalo wakusanyaji wamelitafuta kwa bidii kwa muda mrefu. Ni habari za walowezi wa Kiingereza waliotekwa na wenyeji wa asili wa nchi ile katika vita vya karne ya 17 na ya 18, wakakaa mikononi mwa waliowateka kwa majuma au kwa miaka, kisha wakakombolewa na kuandika waliyoyaona. Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ina habari za namna hiyo. Baadhi yake ziliandikwa kwa Kiswahili, na baadhi zilisimuliwa na watu waliotekwa lakini zikachapwa kwa lugha za Ulaya. Zilitoka Paris, Berlin na London, na sehemu moja iliyo kubwa kwa mwanachuoni wa Kiswahili ilitoka Unguja na Magila, katika nchi ya Bonde nyuma ya mji wa Tanga.

Vitabu hivyo bado havihesabiwi kuwa fungu moja. Kimoja huwekwa katika rafu ya historia ya Misheni, kingine katika tarehe za makabila, cha tatu miongoni mwa vitabu vya shule. Kusudi la makala hii ni kueleza mahali pa vitabu hivyo, jinsi matoleo yake ya kwanza yatambulikanavyo, na sababu ya kuyatafuta. Sababu hiyo yaweza kusemwa kwa maneno machache: habari ya mtu aliyetekwa hubadilika mkononi mwa kila mpiga chapa, na mara nyingi toleo la kwanza ndilo shahidi pekee aliye karibu na kinywa cha msimulizi.

Mfano wa Marekani

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni ule wa Mary Rowlandson, mke wa mchungaji wa mji mdogo wa Lancaster, Massachusetts. Alitekwa mwezi Februari 1676, akakaa utekwani majuma 11, akakombolewa. Kitabu chake kilichapwa Boston mwaka 1682. Nakala kamili ya toleo hilo la kwanza haikusalia. Zilizosalia ni kurasa chache tu, nazo ziliokoka kwa sababu fundi wa majalada alizitumia kama karatasi chakavu ndani ya kitabu kingine. Mwaka ule ule kitabu kilichapwa tena Cambridge ya Massachusetts, na kingine kikatoka London.

Jambo la kuangaliwa ni anwani. Toleo la Marekani lilianza kwa kutaja enzi na wema wa Mwenyezi Mungu, na habari ya mwanamke ikafuata nyuma kama ushuhuda wa hayo. Toleo la London lilianza kwa kusema kwamba hii ni historia ya kweli ya kutekwa na kurudishwa kwa mwanamke huyo. Msomaji wa Boston alipewa kitabu cha ibada. Msomaji wa London alipewa habari ya ajabu kutoka nchi ya mbali. Katika toleo la Boston la mwaka 1773 iliwekwa picha ya mwanamke ashikaye bunduki, ingawa Rowlandson hakusimulia kwamba alipigana. Makoloni yalikuwa yakielekea vitani na Uingereza, na picha ilifaa wakati wake. Mtu akitumia toleo hilo kama ushahidi wa mwaka 1676 atapotoka.

Kwa sababu hiyo wakusanyaji wa Marekani hawakuridhika na nakala moja ya kila kitabu. Edward E. Ayer alikusanya matoleo mengi ya habari hizo, na mkusanyo wake sasa umo katika maktaba ya Newberry, Chicago. Mwaka 1949 R.W.G. Vail alitoa orodha yake ya maandiko ya mipaka ya zamani ya Marekani, akieleza toleo kwa toleo. Kazi hiyo ndiyo iliyowawezesha wanachuoni waliofuata kupima maneno yapi ni ya aliyetekwa na yapi ni ya mchungaji, mhariri au muuza vitabu. Iliwawezesha pia kuona jinsi wenyeji wa nchi walivyochorwa na adui zao, kwani katika vitabu hivyo mtekaji hakuulizwa neno.

Neno mateka na majirani yake

Kabla ya kuendea vitabu vya Pwani, yafaa kutenga maneno. Kiingereza hutumia neno moja kwa hali ya mtu aliye mikononi mwa mwingine bila hiari yake, na orodha za maktaba hufuata neno hilo. Kiswahili chapambanua. Mateka ni watu waliochukuliwa kwa nguvu, aghalabu vitani, na neno latokana na kuteka. Mtumwa latokana na kutuma, nalo laonyesha kazi na daraja, wala halisemi jinsi mtu alivyoingia katika hali hiyo. Mfungwa latokana na kufunga, nalo limeelekea zaidi gerezani na serikalini. Kisha yako maneno ya daraja za ndani ya nyumba, kama mzalia kwa aliyezaliwa utumwani na mjoli kwa mtumwa mwenzi.

Mtu mmoja aweza kupita katika maneno hayo yote katika maisha yake. Huwa mateka siku ya vita, mtumwa sokoni, na baadaye huru chini ya Misheni au serikali. Kwa hiyo neno alilolichagua msimulizi katika kila hatua ni ushahidi wenyewe. Likitafsiriwa, au likisawazishwa na mhariri wa baadaye, ushahidi huo hupotea.

Sauti zilizotangulia kuchapwa kwa lugha nyingine

Hasara hiyo imekwisha tokea mara kadha. Mwaka 1870 kilitoka Paris kitabu cha Gaume juu ya Swema, msichana wa Kiyao aliyechukuliwa utumwani mpaka Unguja, akadhaniwa amekufa, akazikwa angali hai, akaokolewa na kupelekwa kwa masista wa Misheni ya Kikatoliki. Anwani yake ilikiweka wazi kwamba kitabu kimeelekezwa kwa wasichana Wakristo. Mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers aliichapisha habari ile kwa Kiingereza pamoja na maelezo, akiwaonyesha wasomaji hatari zilizomzunguka mwanamke asiye na ndugu wa kumlinda. Hivyo msichana yule amezungumza kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na maneno ya kinywa chake mwenyewe hayamo.

Mfano wa pili wahusu Kiswahili moja kwa moja. Misheni ya Vyuo Vikuu, iitwayo kwa herufi zake U.M.C.A., ilihamia Unguja mwaka 1864, ikapokea watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wavulana walisomeshwa Kiungani. Huko waliandika hadithi za kwao na habari za maisha yao: walivyotekwa, njia waliyopita, mikono waliyopitia, na siku walipokamatwa baharini na manowari ya Kiingereza. Mwaka 1887 A.C. Madan alizitoa London katika kitabu kilichoitwa kwa jina la shule hiyo, Kiungani. Anwani yake yasema wazi kwamba wavulana ndio walioandika, naye Madan ndiye aliyefasiri na kuhariri. Kitabu chote ni Kiingereza.

Madan ni yule yule aliyetunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1894 na ile ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1903. Hakuna aliyekuwa na uwezo zaidi yake wa kuchapisha Kiswahili cha wavulana wale, na Misheni ilikuwa na kiwanda chake cha chapa pale pale Unguja. Lakini wasomaji walioitegemeza Misheni kwa fedha walikuwa Uingereza. Kwa mchunguzi wa lugha hasara ni kubwa, kwa maana Kiswahili hicho kilikuwa cha vijana waliojifunza lugha hiyo njiani na utumwani, kila mmoja akitoka katika lugha yake ya bara. Jarida la shule, Msimulizi, lililoanza mwaka 1888, ndilo mahali pa karibu zaidi pa kusikia vijana wa Kiungani katika Kiswahili chao. Kwa hiyo mkusanyaji wa Kiungani ya 1887 apaswa kuitafuta Msimulizi pamoja nayo.

Mfano wa tatu ni wa Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa angali mtoto na kuletwa Unguja. Simulizi lake liliandikwa na W.F. Baldock na kutiwa katika kitabu cha Margery Perham cha mwaka 1936 chenye maisha ya Waafrika 10. Hilo nalo lasomwa kwa Kiingereza.

Magila na nchi ya Bonde

Upande wa Tanga mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa kuwa kiwanda cha chapa kiliwekwa Magila, ndani ya nchi ya wasomaji wenyewe. Kilichotoka humo kilisomwa kwanza na Wabondei, Washambaa na watu wa Mrima. Gazeti la Habari za Mwezi lilitolewa huko tangu miaka ya 1890. Kati ya mwaka 1895 na 1907 kilitoka huko, kwa sehemu tatu, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, aliyepata kuwa karani wa Semboja wa Mazinde.

Kitabu hicho hutajwa kuwa tarehe ya ufalme wa Usambara, na ndivyo kilivyo. Lakini sehemu zake za mwisho zahusu nchi iliyovunjika baada ya kufa kwake Kimweri ya Nyumbai mwaka 1862, watoto na wajukuu wakipigana, bunduki zikipanda bara na watu wakishuka pwani kuuzwa. Wabondei walipoinuka juu ya Wakilindi, waliokuwa wakitawala jana walitekwa leo. Mwandishi alikuwa ndani ya mambo hayo, upande wa wenye nguvu. Hiyo ndiyo thamani yake katika fungu hili: aeleza utekaji kama jambo la siasa ya nchi, bila ya kumpangia msomaji wa Ulaya machozi.

Sehemu tatu zilizochapwa kwa muda wa miaka 12 hazikai pamoja kwa urahisi. Aliyenunua ya kwanza huenda hakupata kununua ya tatu. Roland Allen alifasiri sehemu ya mwanzo kwa Kiingereza na kuichapisha katika Tanganyika Notes and Records miaka ya 1936 na 1937, na mwanawe J.W.T. Allen alilitoa andiko la Kiswahili kwa upya mwaka 1962. Tangu hapo wengi hulitaja toleo la 1962. Toleo hilo lasomeka vizuri na limeokoa kitabu, lakini halikuondoa haja ya sehemu za Magila. Mtu atakaye kujua tahajia ya mpiga chapa wa Magila, mahali alipokata aya, au jinsi mwandishi wa Mrima alivyoyaweka maneno ya Kishambaa, hapana budi arudie karatasi za 1895 na zile zilizofuata.

Kitabu cha pili cha nchi hiyo ndicho kinachokaribia zaidi mfano wa Marekani. Ni Mwaka katika Minyororo cha Samwil Sehoza, kilichochapwa London na S.P.C.K. mwaka 1921. Vita vilipoanza mwaka 1914, serikali ya Wajerumani iliwatilia shaka Waafrika wa U.M.C.A., kwa kuwa Misheni ile ilikuwa ya Waingereza. Walimu na wahudumu wa Kanisa walikamatwa na kufungwa. Sehoza alikuwa mmoja wao, naye aliandika kwa Kiswahili.

Anwani hiyo yahitaji kusomwa kwa masikio ya wakati wake. Mnyororo ulijulikana pwani kwa namna mbili. Kwanza ulikuwa mnyororo wa msafara wa watumwa. Kisha, chini ya Wajerumani, ukawa mnyororo wa wafungwa, waliofungamanishwa shingo kwa shingo wakipelekwa kazini. Mtu mzima wa Bonde aliyesoma kitabu hiki mwaka 1921 alikuwa ameona wa pili, na huenda alikuwa amesikia wazazi wakieleza wa kwanza. Tena, mwaka huo utumwa wenyewe ulikuwa bado haujafutwa kisheria katika Tanganyika. Sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1922. Mwandishi hakuhitaji kueleza mfano. Neno lenyewe lilibeba zote mbili.

Mwaka wa chapa nao wasema. Mwaka 1918 Askofu Frank Weston wa Unguja alitoa waraka juu ya watumwa weusi wa Prussia, akiusihi ulimwengu usiwarudishie Wajerumani koloni lao. Mwaka 1920 aliandika tena, safari hii akiilaumu Uingereza yenyewe kwa kazi za kulazimishwa. Madaraka ya Uingereza juu ya Tanganyika yalithibitishwa na Shirika la Mataifa mwaka 1922. Kitabu cha Sehoza kilitoka katikati ya mashindano hayo. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Lamtaka mchunguzi atofautishe mateso aliyoyapata mtu na matumizi ambayo mchapishaji aliyaona katika mateso hayo, kama vile wanachuoni wa Marekani walivyomtenga Rowlandson na wachungaji wa Boston. Kazi hiyo haiwezekani kwa nakala isiyo na ukurasa wake wa anwani.

Bahati njema, yuko shahidi wa pili. Martin Kayamba, Mbondei aliyekuwa karani mkuu katika ofisi ya Wilaya ya Tanga, na ambaye mwaka 1922 aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali katika mji huo, naye alifungwa na Wajerumani wakati wa vita, akawa huru baada ya Wabelgiji kuitwaa Tabora mwaka 1916. Aliyaeleza maisha yake kwa Kiingereza katika kitabu kile kile cha Perham cha mwaka 1936. Watu wawili wa Misheni moja na nchi moja, kifungo cha wakati mmoja: mmoja aliandika kwa Kiswahili miaka michache baada ya kufunguliwa, mwingine kwa Kiingereza miaka 20 baadaye akiwa mtu wa cheo. Wakilinganishwa, huonekana ni nini mfungwa huwaambia watu wa kwao na ni nini huwaambia watawala. Nadra kupata jozi kama hiyo mahali pengine katika Afrika ya Mashariki, na jozi hiyo ni ya Tanga.

Upande wa Mombasa na upande wa mtekaji

Vitabu viwili vya nje ya Tanga yafaa kuwekwa kando ya hivi. Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa na Sheldon Press, London, mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa watu wa Freretown, mji wa watumwa waliowekwa huru karibu na Mombasa, na alichokiandika ni kumbukumbu za wazazi. Kwa Kiingereza kitabu kilitoka mwaka 1956. Katika shule kilisomwa na vizazi vingi, na baadaye kililaumiwa kwa kuwasifu mno Waingereza. Kwa kuwa kilichapwa mara nyingi, watu huona hakina haja ya kukusanywa. Kinyume chake ndiyo kweli. Kitabu cha shule huchakaa na kutupwa, na nakala ya 1934 ni tofauti kabisa na nakala yoyote iliyo kabatini mwa shule.

Cha pili ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyoandikwa naye mwenyewe kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyatoa Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la chuo cha lugha za mashariki, na W.H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili, mwaka 1958 na 1959. Hapo mwenye misafara asema mwenyewe, jambo ambalo mkusanyo wa Marekani hauna mfano wake. Mkusanyo wa Pwani ukiwa na Sehoza, Mbotela, Abdallah bin Hemedi na Tippu Tip katika rafu moja, na wote kwa Kiswahili, utakuwa umesikiliza pande zote.

Kulitambua toleo la kwanza

Mwanzo wa uchunguzi ni ukurasa wa anwani na mgongo wake. Humo hutajwa mchapishaji, mji, mwaka, na katika vitabu vya baadaye orodha ya miaka ya kuchapwa tena. Vitabu vya Unguja na Magila mara nyingine huweka jina la kiwanda chini kabisa au kwenye ukurasa wa mwisho, kwa hiyo kitabu kisicho na jalada kisitupwe kabla ukurasa huo haujaangaliwa.

Tahajia ndiyo alama ya pili. Vitabu vya U.M.C.A. vilivyofuata njia ya Askofu Steere vina Muungu kwa Mungu, killa kwa kila, na ao kwa au. Machapisho ya Kijerumani yasema Suaheli. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lafudhi ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia tahajia na sarufi ya vitabu vya shule, vipya na vilivyochapwa upya. Kwa hiyo kitabu cha kabla ya 1930 kilichochapwa tena baada yake huweza kuwa kimebadilishwa maneno ingawa jina la mwandishi ni lile lile. Mabadiliko hayo ndiyo historia ya usanifishaji wa lugha ikionekana katika kazi, na hayapimiki ila kwa kuwa na matoleo yote mawili mezani.

Tatu, kuna alama za wenye kitabu: majina yaliyoandikwa, mihuri ya shule, mistari iliyopigwa chini ya maneno, masahihisho ya kalamu. Muuza vitabu wa Ulaya huviita dosari. Kwa mchunguzi ni habari za wasomaji, na zisifutwe.

Sababu za uchache

Vitabu vilivyochapwa London vilikuwa na kinga ambayo vya Magila havikuwa nayo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ilimlazimu mchapishaji kupeleka nakala katika maktaba ya British Museum. Ndiyo maana kitabu cha 1921 kilikuwa na tumaini la kudumu mahali fulani, hata kama nakala zote za Bonde zingepotea. Kiwanda cha Magila chini ya utawala wa Wajerumani hakikuwa na wajibu kama huo. Tanganyika ilipata sheria yake ya kuhifadhi vitabu mwaka 1962, baada ya vitabu vingi vya fungu hili kuwa vimekwisha chakaa. Karatasi za Misheni ya U.M.C.A. zilizopelekwa Uingereza sasa zimo Oxford katika maktaba ya Bodleian, na mtafiti wa Tanga akizihitaji apaswa kuvuka bahari au kuomba picha.

Hali ya hewa yaongeza hasara. Karatasi ya mbao ya zama zile hugeuka manjano na kukatika. Pini za chuma zilizoshika vijitabu hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kula karatasi pande zote. Mchwa hupita kwenye sanduku lililowekwa sakafuni, na ukungu huingia katika kasha lisilofunguliwa majira yote ya masika. Kitabu kikipona hayo, huja hatari ya mwisho: mwenye nacho hufa, na warithi wasiojua Kiswahili cha zamani ni cha nini hukichoma pamoja na karatasi za shule.

Adabu ya mkusanyaji

Kwa muda mrefu watu wa Bonde wamehamia mji wa Tanga kwa kazi na kwa elimu, na mitaa kama Mabawa, Ngamiani na Chumbageni yakusanya jamaa kutoka pande zote za Mrima na bara yake. Humo ndimo pa kuuliza, kama vile Muheza na vijiji vya karibu na Magila. Lakini anayeuliza habari za vitabu hivi anauliza pia habari za nasaba. Pwani, kumtaja mtu kuwa mzao wa mtumwa ni tusi linaloweza kuvunja ndoa na kugombanisha jamaa katika urithi. Jina lililoandikwa ndani ya jalada, au mstari uliopigwa chini ya jina fulani katika habari ya kutekwa, laweza kufichua lile ambalo familia imelinyamazia kwa vizazi vitatu.

Kwa hiyo taratibu chache hazina budi kushikwa. Kitabu kibaki kwa mwenyewe asipopenda kukitoa. Picha za kurasa zote, pamoja na majalada na kurasa tupu, zatosha kwa sehemu kubwa ya uchunguzi. Akipenda kukitoa, apewe hati iliyoandikwa. Majina ya wenye vitabu yatengwe na orodha inayosomwa na watu wote. Kitabu kisitiwe gundi wala utepe wa kunata, wala kisikatwe kingo ili kipendeze. Kiwekwe katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi, juu ya sakafu, mahali penye hewa. Bei nayo isemwe kwa uwazi, kwa kuwa nakala inunuliwayo kwa fedha kidogo mtaani na kuuzwa kwa nyingi Ulaya huwafungia mlango wakusanyaji wote watakaofuata.

Njia ya kufuata imekwisha onyeshwa. J.W.T. Allen alizunguka pwani kukusanya maandiko ya mkono na kanda za sauti, na orodha yake ya hazina ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapwa Leiden mwaka 1970. Katika kazi hiyo tenzi na maandiko ya herufi za Kiarabu yalipata haki yake. Vijitabu vilivyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi vilionekana vya kawaida, na hivyo ndivyo vimekuwa adimu.

Orodha ya kuanzia si ndefu. Yatosha kuweka sehemu tatu za Habari za Wakilindi za Magila, Mwaka katika Minyororo ya 1921, Uhuru wa Watumwa ya 1934, toleo la Berlin la Tippu Tip, pamoja na Msimulizi na Habari za Mwezi kwa kila toleo litakalopatikana. Kando ya kila kimoja iandikwe hali ya nakala, tahajia yake, na tofauti zake na matoleo yaliyofuata. Orodha hiyo ikikamilika, mwanafunzi atakayetaka kujua neno alilotumia Mbondei mwaka 1921 kuieleza hali yake mwenyewe hatalazimika kulibahatisha kutoka katika Kiingereza.